Margarita Jale na Nusu ya Uso

Wasikilizaji wapendwa, mlioko sokoni, mlioko shambani, na wewe mama uliyeweka redio juu ya mfuko wa unga ili isishike majivu, karibuni tukae. Leo tunamkumbuka Margarita Jale. Narudia jina ili aliyechelewa kuwasha asipotee. Margarita Jale, binti wa Koboko, aliyefanya kazi hapa Arua, kule mlimani kwenye ofisi. Alikuwa katibu muhtasi. Tena alikuwa mchoraji. Alichora kwa kompyuta wakati ambapo wengi wetu tulikuwa hatujaiona kompyuta hata kwa mbali. Hakuna chuo kilichomfundisha. Alijifunza mwenyewe, kutoka kwenye kitabu kimoja tu. Na alichora nyuso za watu waliopotea.

Mimi Zubeiri nimesoma habari za marehemu wengi kwenye kipindi hiki. Hii ndiyo ya kwanza niliyoiandika mchana kweupe, mlango wazi, mke wangu akipika karibu. Mtacheka. Chekeni tu, halafu nisikilizeni hadi mwisho.

Tuanze mwaka 1979. Wenye umri wanakumbuka. Serikali ilianguka, vita vikaja huku kwetu, na kila nyumba iliyokuwa na askari wa serikali hiyo ilikuwa na hofu. Nyumba ya Mama Viktoria, pale Koboko, ilikuwa na askari mmoja kijana. Jina lake Lokule. Lokule alikuwa kaka yake Margarita. Alikuja nyumbani usiku mmoja, akavua sare, akavuka mpaka kuelekea Sudan pamoja na wenzake. Hakuaga vizuri. Margarita, mdogo wake, msichana wa shule bado, aliamka akakuta kitanda kitupu.

Ukutani ilibaki picha yake moja, amevaa sare, amesimama kama mti. Picha moja tu. Mama Viktoria akamwambia binti yake, "Hii picha, tia ndani ya moto. Wakikuta picha ya askari hapa, sisi yote tutakwisha." Nyumba nyingi zilifanya hivyo, wasikilizaji. Ndiyo maana hadi leo Koboko kuna mababa wasio na sura.

Margarita aliitia motoni. Yeye mwenyewe, kwa mkono wake, kwenye mafiga ya jikoni. Maisha yake yote alisimulia alichokiona. Moto ulianza upande mmoja. Jicho la kulia la Lokule likajikunja, likawa jeusi, likaenda. Upande wa kushoto ukabaki mzima kwa muda, jicho moja likimtazama, kama linasubiri aitoe. Hakuitoa. Aliogopa. Basi nusu ile ya kushoto iliganda kichwani mwake. Nusu nyingine hakuikumbuka tena kamwe, hata alipojilazimisha.

Familia ilikimbilia Zaire, ikarudi baada ya miaka. Lokule hakurudi. Hakuna aliyemwona hai, hakuna aliyemwona maiti. Mama Viktoria akawa anamwekea chakula kwenye sahani, jioni baada ya jioni. Na matanga akakataa. "Mimi siwezi kulia mutu sijaona amekufa," alisema, na akishasema hivyo, basi.

Sasa tuje miaka ya tisini. Margarita amekuwa mwanamke, ana kazi Arua, katika ofisi ya shirika moja la misaada. Mkuu wake ni Bwana Enoch Ocama, yupo hai, nimeongea naye wiki hii. Siku moja likaja sanduku kutoka Kampala. Ndani yake kompyuta, na kitabu kinene cha kufundishia kuchora kwa kompyuta hiyo. Shirika lilitaka picha za mabango: namna ya kuchemsha maji, namna ya kuchimba choo. Lakini mnaujua umeme wa Arua. Jenereta ya ofisi nayo ilikuwa imefunguliwa vipande vipande kwa fundi. Kompyuta ikakaa, imefunikwa kitambaa, kama maiti inayosubiri ndugu. Maneno hayo ni ya Bwana Enoch, si yangu.

Margarita hakusubiri. Alichukua kitabu. Kila alipokwenda Koboko kumwona mama yake, alikwenda nacho. Akakaa uani, akaweka ungo, akachukua punje za mahindi na uzi wa katani.

Niwaeleze kidogo, maana hata mimi nilielezwa mara tatu. Uchoraji ule si wa kupaka. Unaweka nukta hapa, nukta pale. Katikati unavuta mstari. Halafu mstari unaukunja kwa kuuvuta polepole, mpaka unakuwa mgongo wa chungu, au shavu la mtu. Ukisogeza nukta moja tu, shavu zima linageuka. Basi Margarita alifanya punje ziwe nukta, na uzi uwe mstari. Alimaliza kitabu chote namna hiyo, somo kwa somo, bila kugusa mashine. Jamani, mtu amejifunza kompyuta juu ya ungo!

Mama yake hakuipenda kazi ile. Alitoka jikoni adhuhuri moja, jua liko utosini, akaona usoni mwa ungo kuna uso. Wa punje za mahindi. Unatazama juu.

"Margarita, unaita nani?"

"Siiti mutu, mama. Nasoma tu."

"Basi mbona kuku haikuli?"

Kweli. Kuku wa Mama Viktoria, ambao walikuwa wakinyakua hata mahindi mdomoni mwa mtoto, waliuzunguka ungo wakaenda zao. Margarita alicheka. Lakini alivuruga punje haraka, naye mwenyewe alisema hakujua kwa nini.

Jenereta ikapona. Kompyuta ikafunuliwa. Bwana Enoch anasema, "Nilifikiri tutaanza kusoma pamoja. Alikaa, akashika kile kipanya, akachora chungu. Mara moja." Mabango yakachorwa. Labda umeyaona. Yule mama anayechemsha maji, ni mkono wa Margarita Jale.

Sasa sikilizeni vizuri, hapa ndipo mambo yanapoanza. Katika kitabu kulikuwa na somo la vitu vyenye pande mbili. Chungu, kipepeo, uso. Kitabu kilisema: usijichoshe, chora nusu moja, kisha agiza mashine iigeuze, ikupe nusu ya pili. Unabonyeza, na nusu ya pili inakuja yenyewe, sawasawa na ya kwanza. Margarita alilipenda somo hilo. Aliliamini. Kitabu kilikuwa hakijamdanganya hata siku moja.

Habari zilisambaa kwamba kuna dada anaweza kutoa sura ya mtu kwa kuambiwa tu. Wa kwanza kuja alikuwa Hawah, mfanyabiashara wa nguo pale Koboko. Mume wake Sulaimani, askari vilevile, alikwenda upande wa Sudan wakati uleule wa Lokule. Picha zake zilichomwa vilevile. Hawah alikaa, akaeleza pua, akaeleza taya, "hapana, punguza, hapo, hapo!" Margarita akachora nusu, akabonyeza, nusu ya pili ikaja. Akachapa karatasi.

Hawah aliipokea kwa mikono miwili. Akaitazama. Kisha akaiweka chini, taratibu, uso ukielekea mezani.

"Hii iko Sulaimani," alisema. "Lakini iko Sulaimani ya kwenye sanda."

Na haukupita muda mrefu, mtu akaja kutoka Yei, upande wa Sudan, na salamu. Sulaimani amezikwa huko. Alikufa kwa homa.

Mnajua midomo yetu. Koboko nzima ilisema dada wa mlimani ndiye aliyemfunga Sulaimani, kwamba karatasi yake ndiyo iliyomuua. Kina mama walivuka barabara wakimwona. Muuza sabuni alimrushia chenji badala ya kumpa mkononi. Margarita alirudi ofisini, akaifungua ile picha, akaitazama hadi macho yakamuuma. Ndipo akaliona kosa. Uso wa mtu aliye hai hauna pande sawa. Jicho moja limeshuka kidogo. Midomo inavutwa upande ule mtu anaochekea. Jiangalie kwenye kioo ukitoka hapa. Lakini uso uliogeuzwa na mashine umelingana kabisa. Umetulia. Umetulia kupita kiasi. Sisi tunaoosha maiti tunaujua utulivu ule.

Hawah, Mungu ambariki, ndiye aliyemrudishia heshima. Alisimama sokoni akasema kwa sauti, "Sulaimani ilikufa na homa, si na karatasi. Na mimi sasa nalala." Picha ile aliitundika chumbani.

Tangu hapo Margarita alijiwekea desturi. Anayetafutwa, alimchora nusu tu. Nusu moja, na upande wa pili karatasi nyeupe. Habari ya kifo ikija, na ikithibitika, aliigeuza ile nusu, uso ukatimia, na watu wakaweka matanga. Hiyo yeye aliita kufunga uso. Na mtu akirudi hai, aliketi mwenyewe mbele yake, naye Margarita akaichora nusu ya pili kwa kumtazama, na makovu yake na mikunjo yake. Hakuwa na njia nyingine. Narudia, kwa sababu ndilo jambo kubwa la leo. Nusu kwa aliyepotea. Kuifunga kwa aliyekufa. Watu wakaja kutoka Maracha, kutoka Ajia, hata Logiri. Nyumba nyingi za huku zilikuwa na nusu mtu ukutani. Ukiingia kusalimia, jicho moja linakufuata.

Na Lokule je?

Lokule, Margarita alimchora wa mwisho. Alichora kile alichokuwa nacho, nusu ile ya kushoto, ile iliyomtazama motoni. Mama yake aliitundika mahali pa picha ya zamani. Kisha akamshika binti yake mkono kwa nguvu.

"Usifunge. Margarita, sikia mimi. Usinifungie mutoto."

Lakini wazee wa ukoo walichoka. Baba mdogo wao, Mzee Sule, alikuwa mgonjwa, naye alitaka aondoke akijua mtoto wa kaka yake ameliliwa. Alisema mbele ya wote, "Tunaishi na mutu nusu. Watoto wanaogopa kuingia ndani ya hii nyumba. Binti, funga. Tulie, tumalize." Margarita hakulala. Alikuwa katikati, mama upande huu, ukoo upande ule. Na ndani yake kulikuwa na sauti nyingine, ya yule msichana wa jikoni: nilimchoma mara moja, nitamchoma tena?

Akakubali. Alipanda gari kurudi Arua bila kumuaga mama yake. Saa sita mchana, ofisi ina watu, jenereta inanguruma nje, alimwita Bwana Enoch akae karibu, maana hakutaka kuwa peke yake. Akatia disketi. Nusu ya Lokule ikatokea, mistari mitupu, bila rangi. Akaomba kimoyomoyo. Akabonyeza, kama kitabu kilivyosema.

Bwana Enoch ananiambia hivi, na nimemwomba arudie, akarudia bila kubadilisha neno: "Nusu ya pili ilikuja. Lakini haikuwa ileile. Jicho lilikuwa chini kidogo. Mdomo umevutwa. Na kwenye nyusi kulikuwa na mstari umekata, kutoka juu mpaka kwenye kope. Margarita hajachora mstari huo. Mimi nilikuwa hapo. Hajachora."

Akafuta, akabonyeza tena. Ikaja ileile, na ule mstari. Akafungua picha ya chungu, akakigeuza. Chungu kikaja sawasawa, bila kasoro. Akarudi kwa Lokule. Jicho chini, nyusi imekatwa. Jenereta ikazimika, na hapo Bwana Enoch anakiri kwamba alitoka nje bila viatu vyake alivyokuwa amevivua chini ya meza.

Mimi si mtu wa mambo hayo. Nilimuuliza fundi mmoja wa kompyuta. Akasema disketi za wakati ule ziliharibika kwa vumbi, kwa joto, nukta moja ikiruka mahali pake mstari unakwenda popote. Sawa. Nakubali. Nukta iliruka. Lakini endeleeni kunisikiliza.

Walipoweza kuchapa, Margarita alipeleka karatasi Koboko. Ukoo umekusanyika, kamba za turubai la matanga tayari. Mama Viktoria aliiangalia kwa muda mrefu, akaipeleka kwenye mwanga wa mlango. Halafu akacheka! Alicheka mpaka akakaa chini.

"Hii haijakufa," alisema. "Angalia macho. Lakini nani alimupiga hapa?"

Turubai likakunjwa. Mzee Sule alikasirika sana, wakamwacha akasirike.

Lokule alikuja msimu wa mtama, kwa mguu, kutoka upande wa mpaka. Mvi kichwani, mfuko mmoja begani. Alisimama uani akapiga hodi kama mgeni. Mama Viktoria hakumkimbilia. Alimshika kidevu, akamgeuzia uso kwenye jua, akatazama nyusi ya kulia. Kovu lilikuwepo. Kutoka juu mpaka kwenye kope. Bati la nyumba lilimkata, alisema Lokule, katika dhoruba, miaka mingi baada ya kuondoka. Hakuna ndugu yeyote wa Koboko aliyekuwa amewahi kuliona.

Margarita alipofika, Lokule alimwambia, "Dada yangu, wanasema ulinichora." Akajibu, "Nilichora nusu tu." Kisha akalia, akamwambia habari ya moto na picha. Lokule akamwambia, "Kama ungeitoa ile picha, wangewaua. Ulifanya vizuri." Neno hilo, wasikilizaji wapendwa, Margarita alilingojea tangu akiwa mtoto.

Miaka ikaenda. Mwaka jana Margarita akaanza kuumwa. Kifua, kisha nguvu zikamwisha. Wakati bado anaweza kukaa kwenye kiti, aliweka kioo kidogo karibu na mashine, akajichora. Nusu tu. Akamkabidhi Lokule disketi na kile kitabu, ambacho sasa kilikuwa kimefungwa kwa mpira wa baiskeli.

"Wewe ndiye utanifunga," alimwambia. "Usimpe mutu mwingine."

"Mimi iko mulimaji. Sijui hii kitu."

"Na mimi sikujua. Ungo iko kwa mama."

Basi Lokule, mtu mzima na kovu lake, alikaa uani Koboko akasoma kwa punje za mahindi na uzi wa katani, akifuata michoro ya kitabu kwa kidole. Nimemuuliza kama kuku walikula zile punje. Akanitazama tu.

Margarita Jale alifariki mwezi uliopita katika hospitali hapa Arua. Alizikwa Koboko. Mama Viktoria, mzee sana sasa, alikaa kando ya kaburi na macho makavu. Alimwona binti yake ndani ya jeneza, akamgusa paji la uso, bado akasema, "Sijaona uso yake imefungwa. Siwezi kulia." Watu walisema amechanganyikiwa. Hakuchanganyikiwa. Alikuwa anasubiri. Mashine ilikuwa imemrudishia mtoto mmoja, kwa nini isimrudishie wa pili?

Na Lokule alilijua hilo alipopanda mlima kwenda kwa Bwana Enoch. Aliniambia kwa kinywa chake: "Njiani yote nilikuwa naomba ikuje mbaya. Ikuje na jicho chini. Hata nilijua tumeshamuzika, niliomba."

Akatia disketi. Nusu ya Margarita ikatokea, shavu lake, jicho lake moja. Lokule akaweka kidole chake kinene juu ya kitufe. Bwana Enoch alikuwa amesimama mlangoni, safari hii viatu miguuni. Akabonyeza.

Nusu ya pili ikaja sawasawa. Jicho kwa jicho. Mdomo uliokuwa ukicheka upande mmoja tangu utotoni ukanyooka, ukatulia.

Alibonyeza mara moja tu. Hakurudia. Alichapa, akakunja karatasi, akarudi Koboko. Mama Viktoria aliichukua, akaipeleka kwenye mwanga wa mlango kama ile ya kwanza. Akaitazama kulia, akaitazama kushoto.

"Iko sawa," alisema.

Kisha akalia. Alilia kwa sauti iliyosikika hadi barabarani, na kina mama wakamfuata, na matanga ya Margarita Jale yakaanza.

Kwa niaba ya redio hii na yangu mwenyewe, natoa pole kwa Mama Viktoria. Pole Lokule, pole Bwana Enoch na wafanyakazi wote wa ofisi kule mlimani, pole Bi Hawah. Mungu ampe Margarita pumziko jema. Na ninyi mlio na nusu uso ukutani hadi leo, mchoraji wenu ameondoka, lakini disketi zenu zipo salama kwa Lokule, na kitabu anacho. Nendeni kwake, si mtu wa kutisha.

Nawaomba kitu kimoja kabla sijanyamaza. Redio ikizimwa, mwite uliye naye nyumbani, mke, mama, mtoto, yeyote. Mketishe penye mwanga. Mwangalie upande huu, halafu mwangalie na upande ule, uone lile jicho lililoshuka kidogo. Akikuuliza unatafuta nini, mwambie Margarita Jale amekutuma.